Niliinywesha Mizeituni ya Mama Mkwe Mpaka Mafuta Yakapoa

Kosa ni langu. Si la jua, si la bomba, wala si la yule mzee wa watu aliyebebeshwa lawama kule kijijini kwao. Ni langu mimi, na nililifanya kwa kidole kimoja, nimekaa ghorofa ya juu ya basi huku Hayes, natabasamu peke yangu kama mwehu!

Jina langu liacheni. Na majina ya wengine nimeyabadilisha, maana mama mkwe wangu ni Mgiriki lakini Kiswahili anasoma, na akiamua kukusema kwa Kiswahili utatafuta pa kujificha. Mtashangaa. Ngojeni nianze mwanzo.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Kongwa, Dodoma. London nimekaa muda mrefu. Nafanya kazi ghalani, Hayes, kufunga na kupanga mizigo. Niliwahi kuolewa, ikashindikana, nikasema mapenzi basi. Maisha yangu yakawa shifti, usingizi, na Jumapili kanisani Tottenham. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Halafu akaja Stavro.

Siku hiyo toroli langu lilikatika gurudumu katikati ya ghala, mabox yakamwagika chini yote. Nikalifokea lile toroli kwa Kiswahili, nikidhani hakuna anayenielewa: "Mshenzi mkubwa wewe! Leo ndiyo siku ya kunifanyia hivi?"

Nyuma yangu nikasikia sauti nzito ya mwanamume: "We mtoto! Utanitambua leo!"

Nikageuka. Mzungu! Mrefu, mvi zimeanza pembeni, kavaa koti la madereva wa malori, anacheka. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hicho ndicho Kiswahili pekee anachokijua, kwa sababu mama yake alikuwa akimfokea hivyo alipokuwa mdogo. Mama yake kazaliwa Moshi! Baba wa huyo mama alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, wakaja kuhama baadaye, binti akiwa ameshakua.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya mabox. Na jamani, sikuinuka tena. Yaani mwili uliinuka, lakini moyo ulibaki palepale.

Mkiniona wakati ule mngenihurumia. Umri wangu huu, napaka lipstiki kwenda kufunga mizigo! Nilikuwa nasikia lori linarudi nyuma, piip, piip, piip, na mimi moyo unadunda kwa mlio huo huo. Alipokuja kunitamkia kwamba tuoane, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza, ikabidi aanze upya ili amalizie.

Akanipeleka kwa mama yake, Rayners Lane, humu humu London. Tukabisha hodi. Mama Despina akafungua, mama mfupi, mnene kidogo, nywele nyeupe kazibana nyuma. Nikajaribu tu: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Viatu vua hapo. Umekula?"

Nusura nimkumbatie nimwangushe!

Baada ya kula akaleta kopo la bati na vikombe vidogo vya kahawa. Akanimiminia mafuta ya zeituni, ya kijani, mazito, yananukia kama majani yaliyokatwa sasa hivi. "Kunywa," akasema.

"Mafuta matupu, mama?"

"Kunywa, usiyaogope."

Nikanywa. Mdomoni yakaanza kwa uchungu, halafu yalipofika kooni yakawasha kama pilipili. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Mama Despina akapiga makofi kwa furaha. "Amekohoa! Stavro, umeona? Amekohoa!"

Ndipo akanieleza. Mafuta ya zeituni mazuri lazima yakung'ate koo. Yakiteremka kama maji, ujue hayana kitu. Yale yalitoka kwenye shamba la baba yake, kisiwani Krete, Ugiriki. Baba yake aliporudi kutoka Moshi hakuwa na kitu kingine isipokuwa ile mizeituni. Kila mwaka mafuta yakija, kidogo yanabaki nyumbani, mengine yote yanachukuliwa na mpishi mmoja mwenye mgahawa, ambaye hataki mengine, anataka hayo, kwa ajili ya ule ukali wake. Mama Despina alikuwa akilitaja jambo hilo kama mtu anavyotaja mtoto wake aliyesoma.

Aliyekuwa akilitunza shamba kule ni binamu yake, Mzee Manoli. Wamekua kama ndugu wa tumbo moja. Yeye ndiye anayepogoa, anayevuna, anayepeleka kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Lakini goti lake lilikuwa bovu, na pampu ya maji iko juu mlimani, kwa hiyo Stavro alifunga mtambo wa kuifungulia kwa simu. Unakaa London, unabonyeza, na kule Krete maji yanapita kwenye mipira myembamba iliyolazwa chini ya miti, yanadondoka tone tone. Akaweka na kamera ndogo ili mama aone shamba lake.

Mimi nilipokuja kuuona mtambo huo, nilisimama wima sebuleni. Kwetu maji tuliyafuata mbali, tena ya kugombea na ng'ombe. Hapa mtu anabonyeza kidole!

Sasa, mwanzoni mwa kiangazi mwaka jana, Mama Despina akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wakamwambia apumzishe macho, simu aache kabisa kwa muda. Akaniita, akaniwekea ule mtambo kwenye simu yangu mimi.

"Kwa nini si Stavro, mama?"

"Stavro atasahau. Wewe umelelewa na mkulima. Wewe sasa ndiye mkono wangu."

Nilivimba kichwa! Mkono wake! Hata bado hatujafunga ndoa!

Akaniketisha, akanipa maelekezo. Mizeituni si migomba, alisema. Ikifika katikati ya kiangazi, kokwa zinapoanza kuwa ngumu, mti unauacha uone kiu. Si ufe, uone kiu. Ukiteseka kidogo, unatia ukali wake ndani ya tunda, na ukali huo ndio mafuta. Ukishiba maji, unalala tu, tunda linajaa maji na mafuta yanakuwa baridi. "Kwa hiyo usifungue mpaka mimi nikwambie. Umenisikia?"

"Nimekusikia mama."

Uongo. Nilikuwa namtazama Stavro kupitia dirishani, anaosha gari, kakunja mikono ya shati. Hayo yote kuhusu kokwa na kiu yalinipita hivi, huyoo!

Wiki kadhaa nikawa mtiifu. Halafu ikaja siku moja ya joto kali, niko mapumzikoni, nimekaa nje ya ghala na juisi yangu. Nikafungua kamera.

Jamani, ile miti!

Udongo umepasuka. Majani yamejikunja, yamekosa rangi, kama vile yamepakwa majivu. Vitunda vyenyewe vidogo, vimesinyaa. Nikaacha kunywa juisi. Mimi majani ya namna hiyo nayajua. Niliyaona kwetu Kongwa kwenye mahindi, mwaka ambao mvua iligoma, mama yangu amesimama katikati ya shamba, kajishika kiuno. Tulikula tulichopewa na watu mwaka ule. Sijasahau na sitasahau.

Na sasa maji yapo! Yako kidoleni mwangu!

Nikasema, kidogo tu. Nikabonyeza.

Baada ya muda nikaona chini ya mti wa kwanza doa jeusi, udongo unalowa. Likaongezeka. Likaenda mti wa pili. Nilipiga kigelegele pale nje ya ghala, supavaiza akatoka kuangalia nani kafa!

Ningeishia hapo pengine isingekuwa kitu. Lakini nani angeweza kuishia hapo? Kesho yake nikafungua tena. Na kesho kutwa. Nikawa nafungua nikiwa kwenye basi, nafungua nikisubiri chai ichemke, nafungua hata kanisani wakati wa matangazo. Nilikuwa nina mapenzi, nina pete, nina furaha isiyokuwa na pa kwenda, basi nikaimwagia miti. Nilikuwa nataka kila kitu duniani kinywe!

Na miti ikaitikia. Majani yakakunjuka, yakang'aa. Zeituni zikavimba, zikawa nene, zimejipanga kwenye matawi kama shanga. Nikawa naonyesha picha ghala zima. Mwenzangu mmoja Mkongomani akaniambia, "Dada, miti yako inanona sana, wewe utakuwa tajiri, usitusahau sisi." Nikacheka, nikamwahidi kopo zima.

Macho ya Mama Despina yakapona. Siku moja akaniomba simu atazame shamba lake. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akanitazama.

"Mbona zimenenepa hivi?"

Nikajifanya napanga vikombe.

"Mwanangu. Umefungua maji?"

Hapa ndipo, wasomaji wenzangu. Hapa ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Hapana mama," nikasema. "Labda mvua."

"Mvua? Krete? Mwezi wa nane?"

"Nimekuwa naiombea miti, mama. Kanisani."

Akaitazama miti tena. Halafu, Mungu anisamehe, akanikumbatia. "Basi una mkono wa baraka," akasema. "Kaa na huo mtambo, usiurudishe."

Mpaka hapo nilikuwa nimekosea. Kuanzia hapo nikawa muongo.

Na mjue uongo una kazi zake. Sasa nikaogopa kuacha kumwagilia! Nilijiambia nikikata maji ghafla, zeituni zitanywea, mama ataona, atajua. Kwa hiyo nikaendelea, tena kwa bidii zaidi, mpaka karibu kabisa na mavuno. Mzee Manoli kule aliuona udongo unalowa. Lakini alidhani ni amri ya dada yake kutoka London, na yeye huwa habishani na dada yake. Nani anabishana na Mama Despina?

Mavuno yakafika. Mzee Manoli akapiga simu, anapayuka kwa Kigiriki, Stavro akawa ananitafsiria: matawi yanainama, magunia hayatoshi, hajawahi kuona mwaka kama huu! Mama Despina akacheka, akanipiga begani. Mimi nikacheza sebuleni. Nikajiona mtaalamu! Nikaanza hata kuwaza moyoni kwamba hawa watu miaka yote walikuwa wanaitesa miti yao bure.

Kisha akapiga tena kutoka kwenye kinu. Safari hii hakupayuka. Zeituni zikisagwa zinatoka kama uji mwepesi, alisema. Maji mengi. Mafuta yanatoka kwa shida. Magunia mengi hivyo, na mafuta hayalingani nayo.

Mama Despina akaacha kucheka.

Makopo yalipofika Rayners Lane, tukakaa kuonja kama ilivyo desturi yao. Mama Despina, Stavro, mimi, na yule mpishi mwenyewe, kijana mtanashati, kaja na mkate wake mkononi. Vikombe vya kahawa vikapangwa. Mafuta yakamiminwa. Yalikuwa ya njano njano, mepesi, mazuri kwa macho.

Tukanywa wote pamoja.

Tukasubiri.

Mpishi anameza mate. Stavro anatazama dari. Mama Despina kafumba macho, kaweka mkono kooni, anasubiri kikohozi kama mtu anayesubiri mgeni stesheni. Hakuna. Mafuta yameteremka kama maji ya bomba!

Sasa mimi, kwa akili zangu, nikaona niokoe jahazi. Nikakohoa.

Nikakohoa kwa nguvu! Nikajishika kifua, nikapiga meza, "Ah! Ah! Makali haya!" Stavro akakurupuka kunipiga mgongoni. Nilivyoona bado wananitazama, nikaongeza kingine, kirefu zaidi, mpaka nikapaliwa kweli!

Mama Despina akafumbua macho. "Wewe una mafua?" akauliza. "Mafuta haya hayawezi kumkohoza hata mtoto mchanga."

Mpishi alikuwa mpole. Akasema ni laini. Akasema yangefaa sana kwa keki.

Keki! Mngeuona uso wa yule mama. Mafuta ya baba yake, kwenye keki! Kijana akaomba radhi, akabeba mkate wake, akaondoka. Mwaka ule hakuchukua hata kopo moja, na nafasi yetu akampa mtu mwingine. Mpaka leo hajarudi.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoionea aibu kuliko zote.

Mlango ulipofungwa tu, Mama Despina akachukua simu akampigia Manoli. Kigiriki sijui, lakini ukali naujua kwa lugha yoyote. Stavro kanisogelea, ananinong'oneza. Mama anasema: mafuta yamepoa, mtu kamwagilia shamba kiangazi chote, ni nani? Mzee anasema: mimi nilidhani ni wewe, dada. Mama anasema: mimi nilikuwa sioni, na mkwe wangu hajafungua, nimemuuliza kwa mdomo wangu, na yeye hanidanganyi. Ni wewe! Umepanda kwenye pampu ukafungua kwa mkono, ili upate magunia mengi ya kujisifia kijijini. Muongo mkubwa! Na harusini usije!

Akakata. Akakaa kwenye kochi, akalia. Sijawahi kumwona analia.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda jikoni kumchemshia chai.

Chai! Yaani mtu ametukanwa kwa kosa langu, mzee wa watu, ameitwa muongo na dada yake, na mimi natafuta sukari kabatini!

Nikawa silali vizuri, chakula hakipiti. Gauni la harusi fundi akalipunguza, akalipunguza tena. Stavro akaniona nilivyokuwa, akanishika mkono kwenye gari akaniuliza kwa upole, "Hunitaki tena? Tuahirishe?" Nikalia. Akadhani ndiyo jibu! Ikabidi nimshike shati, nimwambie nakutaka, nakutaka sana, hiyo ndiyo shida yenyewe! Hakuelewa. Angeelewaje?

Mwisho wake ulikuja dukani, mchana kweupe.

Karibu na stesheni ya Rayners Lane kuna duka la Mzee Karim, Mhindi wa Tanga. Mama Despina hununua kwake mihogo na mchicha, lakini kikubwa anachofuata ni Kiswahili. Siku hiyo nilimsindikiza. Nimeshika fungu la mchicha, yeye anachagua mihogo, huku anamsimulia Mzee Karim habari yote. Namna alivyolia. Namna binamu yake, damu yake, alivyomgeuka.

"Watu wamebadilika, Mama Despina," akasema Mzee Karim, anapima mihogo. "Hata ndugu."

"Hata ndugu! Kama si binti huyu," akanishika mkono, "mwaka huu ningekufa kwa uchungu. Huyu ndiye mtu wangu wa kweli."

Ikanitoka tu. "Ni mimi!"

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi mama. Maji. Nilifungua mimi. Mzee Manoli hakufanya kitu. Ni mimi, kila siku!"

Mzee Karim akaacha kupima. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Kanisani!"

Mzee Karim akajiziba mdomo. Sijui kama alikuwa anashtuka au anacheka, na sikuthubutu kuangalia.

Mama Despina hakupiga kelele. Laiti angepiga! Akauliza polepole, "Kwa nini?"

Nikamweleza. Majani yaliyojikunja, mahindi ya Kongwa, mama yangu kajishika kiuno. Nikamwambia nilidhani inakufa. Nikamwambia nilikuwa na furaha nyingi nikakosa akili. Nilikuwa nalia na kuongea, na ule mchicha nimeukunjakunja mikononi mpaka umekuwa kama kitambaa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka nasimama nilipo.

"Miti nimekusamehe. Umeionea huruma, na miti itazaa tena. Lakini uliniacha nimtukane Manoli, nawe umekaa pale unasikia. Hilo sijui."

Akaweka mihogo juu ya meza, akatoka.

"Mfuate, binti!" Mzee Karim akanifokea. "Unasubiri nini? Mihogo nitaiweka!"

Nikamfuata. Barabara yote hakugeuka. Tulipofika mlangoni akasema neno moja tu: "Piga."

Nikapiga simu Krete. Mimi nikasema kwa Kiswahili, Mama Despina kasimama pembeni yangu anatafsiri kwa Kigiriki, na kila sentensi yangu aliirudia bila kuipunguza hata kidogo. Nikasema ni mimi. Nikasema nilidanganya. Kisha Mama Despina akaongea ya kwake, kwa Kigiriki, na hayo hakunitafsiria. Halafu Mzee Manoli akakata.

Gharama yake? Ngojeni niwaambie. Mpishi tulishampoteza. Stavro alinikasirikia kwa namna ya watu wapole, ile mbaya. Hakugomba. Alisema tu kwamba kama ningemwambia siku ile ya kwanza angecheka, tena angenisaidia kumweleza mama. Na Mama Despina akatamka kwamba hakuna harusi bila Manoli kukaa mbele. Ukumbi wa Tottenham tukauachia. Wageni tukawapigia mmoja mmoja. Wengine wakasema wazi: mwanamume kamkimbia.

Tukabaki na yale makopo. Adhabu yangu ikawa kuyamaliza! Nilipikia pilau, nikakandia chapati, nikapaka miguu, nikapaka nywele. Na hata kukaa hayakuweza. Mafuta ya Mama Despina huwa yanakaa mwaka mzima na zaidi bila kuharibika. Haya, majira ya kuchipua yalipofika tu, yakaanza kunuka kama karanga za zamani. Mama akanusa, akatikisa kichwa. "Ule ukali ndio unaoyalinda," akasema. Hakusema kwa hasira. Ilikuwa mara ya kwanza kunifundisha kitu tangu siku ile ya dukani, na nilifurahi mpaka nikaisahau ile harufu!

Kisha Mzee Manoli akapiga simu mwenyewe.

Alikuwa na sharti moja. Atakuja, lakini uwanja wa ndege asipokewe na Stavro wala dada yake. Apokewe na yule binti.

Peke yangu! Heathrow!

Stavro akanifundisha sentensi moja ya Kigiriki ya kuomba radhi. Nikaifanyia mazoezi kwenye basi, ghalani, bafuni. Wenzangu ghala zima wakaijua. Siku ilipofika nikasimama pale wanapotokea abiria, katikati ya madereva walioshika vibao, naisemea tumboni mara kwa mara.

Akatokea. Mzee mfupi kuliko nilivyodhani, fimbo mkono mmoja, mfuko mkubwa mkono wa pili, kofia imemfunika masikio. Akanitambua kwa picha. Akaja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

Nikafungua mdomo. Sentensi imekwenda! Yote! Sikupata hata herufi! Nikabaki nimeachama kama samaki.

Yule mzee akainua kiganja, kwamba ningoje. Akakaza uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Kisha akasema, taratibu, neno baada ya neno:

"Pole. Sana. Binti."

Jamani!

Mimi nimemkosea, halafu yeye ndiye ananipa pole! Nilicheka, nikalia, nikamshika mfuko, nikamshika mkono, nikamshika kofia, sikujua nishike nini. Madereva wenye vibao wakawa wanatutazama. Baadaye Mama Despina aliapa kwamba alimfundisha kwa simu aseme "nimekusamehe", lakini neno lilimshinda urefu, akachagua jingine alilokuwa akimsikia dada yake analisema tangu zamani mtu akijikwaa.

Tukafunga ndoa mwezi wa tano. Mzee Manoli alikaa mbele kabisa, kisha akainuka kucheza, na goti lake lile lile! Mama Despina alimlilia begani ukumbi mzima unaona, wakasemeshana kwa Kigiriki mpaka keki ikakatwa.

Sasa ni kiangazi tena. Mtambo bado ninao mimi kwenye simu, msiniulize kwa nini, hata mimi nilimuuliza mama akanijibu, "Kwa sababu wewe sasa unaogopa." Na kweli naogopa. Jana niliona majani yameanza kujikunja, kidole kikaniwasha, nikampigia kwanza. "Mama, inasikia kiu." "Najua," akasema. "Iache." Nikaiacha.

Basi ninyi mnaonisoma, hasa ninyi wenye mapenzi mapya, mnaotaka kumfurahisha kila mtu na kumwagilia kila kitu: ulizeni kwanza! Huruma yako si maelekezo. Mwenye shamba anaweza kuwa anajua kitu ambacho wewe, kwa raha zako, hukukisikiliza.

Na kama umeshakosea, na sasa hivi kuna mtu mahali fulani anabeba lawama yako, hajui hata imetoka wapi, usisome zaidi. Chukua simu. Usitafute maneno mazuri, hayapo. Mpigie tu.